UTI isiyokwisha kwa mtoto mwenye ulemavu: tuangalie mkojo unaobaki

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalinyamazia kwa kuwa linahusu sehemu za siri, nalo ni UTI inayorudi na kurudi kwa mtoto mwenye ulemavu. Mimi si daktari. Ni mama wa binti wa miaka 13 aliyezaliwa na mgongo wazi hapa Uingereza. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa madaktari na manesi waliomhudumia, na mengine nimejifunza kwa makosa yangu mwenyewe. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikienda kwenye harusi au msiba, hakosi mama mmoja wa kunivuta pembeni na kuniuliza, "Dada, huyu wangu anapewa antibiotiki kila mwezi, mbona haponi?"

Nianze na kosa langu. Binti yangu alipokuwa na miaka 3 alishikwa na homa usiku wa Ijumaa. Kabatini nilikuwa na dawa ya amoksilini ambayo dada yangu alinitumia kutoka Dar, kwa sababu hapa huwezi kuinunua bila cheti cha daktari na mimi nilishachoka kupiga simu zahanati na kuambiwa nisubiri. Nikampa. Baada ya siku mbili homa ikashuka, nikaacha. Wiki tatu baadaye homa ikarudi, nikampa tena iliyobaki. Mara ya tatu alitapika usiku kucha, akawa amelegea hata kichwa hakiinui. Tulipofika hospitali walipima mkojo lakini majibu hayakueleweka vizuri, maana dawa niliyokuwa nimempa ilishafifisha vijidudu bila kuvimaliza. Alilazwa siku tano na dripu mkononi. Baada ya miezi kadhaa alifanyiwa picha maalumu ya figo, ile ya kutafuta makovu, ikaonekana figo la kushoto lina kovu. Kovu la figo halifutiki. Daktari hakunigombeza, na bora angenigomboza tu.

KWA NINI WATOTO HAWA HASA?

UTI ni vijidudu kuingia kwenye njia ya mkojo na kuzaliana humo. Mara nyingi ni vijidudu vile vile vinavyoishi tumboni mwetu na kutoka na choo, vinavyojulikana kama E. coli. Mtu yeyote anaweza kupata. Lakini mwili una kinga yake rahisi sana, nayo ni kukojoa. Kila kibofu kinapojaa na kumwaga chote, vijidudu vinasombwa na kutoka. Kibofu kisipomwaga chote, kinachobaki ndani ni maji ya vuguvugu yaliyotuama, na kijidudu hahitaji zaidi ya hapo.

Mtoto mwenye mgongo wazi, mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kibofu haifanyi kazi sawasawa. Kibofu hakipati amri ya kubana, au kinabana wakati mlango wa kutokea umefungwa. Hapo mkojo unaweza hata kusukumwa kurudi juu kwenye figo, na kama una vijidudu unavipeleka huko huko. Hili ndilo linaloharibu figo, na linaweza kutokea kimya kimya mtoto akiwa anacheka na kula vizuri.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye ana yake. Misuli imekaza, anashindwa kulegeza ili amalize. Hakai vizuri chooni, miguu inaning'inia, anaogopa kuanguka, kwa hiyo anakojoa kidogo na kubana kingine. Kuna watoto ambao hawawezi kusema "nina kiu", wanategemea mtu awakumbuke. Kuna wanaovaa nepi (pampasi) mpaka wakubwa, nayo ikikaa muda mrefu na choo, vijidudu havina safari ndefu.

Ndiyo maana yule mama anayeniuliza mbona haponi, mimi humjibu kwa swali: je, kuna mtu aliyewahi kupima mkojo unaobaki kibofuni baada ya mtoto kukojoa? Kipimo chenyewe hakiumi, ni ultrasaundi ya tumbo, dakika chache tu. Kutoa antibiotiki mara kwa mara bila kujua hilo ni sawa na kudeki sakafu wakati bomba linavuja. Maji utayakausha, kesho utayakuta.

CHOO KIKUBWA NDICHO WENGI TUNASAHAU

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa sana kulielewa. Utumbo mkubwa wa mwisho umekaa nyuma ya kibofu, wanagusana. Ukijaa choo kigumu unakigandamiza kibofu, kinashindwa kujaa vizuri na kinashindwa kumwaga vizuri. Watoto wetu wengi hufunga choo: hawatembei, wanakunywa kidogo, mishipa ya fahamu ya utumbo nayo imeguswa, na baadhi ya dawa wanazopewa zinafunga choo. Oksibutinini, kwa mfano, ambayo hutolewa kutuliza kibofu, inajulikana kwa hilo.

Tena usidanganyike kwa kuona nepi ina choo kila siku. Choo chepesi kinaweza kuwa kinapita pembeni ya kile kigumu kilichokwama. Mimi nilikuwa nasema binti yangu anaharisha, nampa wali na ndizi mbichi ili afunge! Nesi alipomgusa tumbo akanishikisha mkono wangu, nikahisi mabonge kama viazi.

Tulipewa unga wa makrogoli wa kuchanganya na maji. Kazi yake ni kushikilia maji ndani ya choo kilainike. Kwanza unatumika kwa kipimo kikubwa kuondoa kilichokwama, halafu kipimo kidogo kila siku kwa miezi mingi. Wazazi wengi huacha baada ya wiki wakiona choo kimefunguka, na mwezi wa pili wamerudi walikotoka. Pamoja na dawa hiyo tukaweka ratiba: kila baada ya chakula cha jioni anakaa chooni dakika kumi, miguu imekanyaga kistuli, mgongo umeegemea, mikono ina pa kushika. Mtoto ambaye hawezi kukaa mwenyewe, mtaalamu wa viungo anaweza kumpatia kiti maalumu cha choo. Uliza, usisubiri kuambiwa. Nakwambia ukweli, mwaka ule tuliorekebisha choo ndio mwaka wa kwanza ambao binti yangu hakulazwa.

MPIRA WA MKOJO

Binti yangu hutolewa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kupitia njia ya mkojo, mkojo unamwagika, mpira unatolewa. Yeye ni kila saa tatu hadi nne mchana. Najua wengi mnaogopa mkisikia hivi. Mama mkwe wangu alilia, akasema tunamtesa mtoto. Na hofu nyingine ya wengi ni kwamba mpira wenyewe ndio utaleta vijidudu.

Hofu hiyo hata madaktari walikuwa nayo zamani. Mwaka 1972 Profesa Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walieleza kwamba si lazima kazi hii ifanywe kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Mikono iliyooshwa vizuri inatosha, muhimu ni kibofu kisiachwe kijae kupita kiasi. Wengi hawakumwamini. Leo ndiyo njia ya kawaida duniani, na figo nyingi za watoto wenye mgongo wazi zimeokolewa nayo.

Kinachoharibu mambo ni kuruka zamu. Ukienda sherehe ukasema tutamtoa tukirudi, ukarudi baada ya saa saba, kibofu kimevimba na vijidudu vimepata nafasi. Ili ujue kibofu cha mtoto kinabeba kiasi gani, chukua umri wake kwa miaka, jumlisha 1, zidisha kwa 30, unapata mililita. Mtoto wa miaka 6 ni kama 210. Ni makisio tu, na kibofu chenye tatizo huwa na tabia zake, lakini ukimtoa mililita 400 kwa mara moja jua umechelewa. Jambo jingine ni kutoa mpira haraka mno. Mkojo ukiacha kutiririka, uvute polepole, ukiona unatiririka tena subiri, kwa kuwa kile cha mwisho ndicho chenye taka.

Watoto wenye mgongo wazi wengi huwa na mzio wa lateksi, ule mpira wa asili. Mipira ya mkojo na glavu zao ziwe zisizo na lateksi, na maputo ya sherehe za kuzaliwa yakae mbali nao. Hilo mwambie kila daktari na kila mwalimu.

Shuleni, kwa wanaoishi England, sheria ya mwaka 2014 ya watoto na familia inazitaka shule za serikali zimsaidie mwanafunzi mwenye mahitaji ya kiafya. Omba kikao na nesi, iandikwe saa ngapi atatolewa mkojo, wapi, na nani. Walimu wanakubali kwa mdomo, wiki ya pili msaidizi anaumwa na hakuna anayejua. Binti yangu alijifunza kujitoa mwenyewe akiwa na miaka 8 kwa kutumia kioo kidogo, na siku hiyo alipiga simu kwa bibi yake Tanga kumwambia.

JE, HII NI UTI AU SIYO?

Mtoto asiye na hisia chini ya kiuno hatakwambia panawaka moto akikojoa. Mtoto asiyesema hatakwambia chochote. Kwa hiyo dalili tulizozoea kwa watu wazima hazitusaidii sana. Angalia homa isiyojulikana chanzo, kutapika, kukataa chakula, kulia bila sababu, usingizi mwingi kuliko kawaida. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kukaza misuli zaidi, na mwenye kifafa anaweza kuanguka mara nyingi zaidi. Anayetumia mpira anaweza kuanza kuvuja katikati ya zamu wakati zamani alikuwa mkavu.

Harufu peke yake isikutishe. Mkojo wa asubuhi hunuka, mkojo wa mtoto ambaye hakunywa maji hunuka. Mpe maji, angalia tena baada ya saa chache.

Sasa hili linawashangaza wengi: mtoto anayetumia mpira, mkojo wake ukipimwa siku yoyote mara nyingi utakutwa na vijidudu, hata akiwa mzima kabisa. Vijidudu hivyo vinaishi tu bila kumdhuru. Kama hana homa wala dalili, kwa kawaida hapewi dawa. Ukivipiga antibiotiki vinakufa vile vipole, wanabaki wakorofi ambao dawa haiwawezi, na siku mtoto akiugua kweli dawa za kunywa zote zimegoma. Kwa hiyo acheni kuomba mkojo upimwe "kuangalia tu" kila mwezi. Na daktari akikataa kukupa dawa kwa sababu hiyo, usimwone mbaguzi. Wakati mwingine amekusaidia.

Lakini kama ana dalili, mkojo upimwe KABLA ya dawa, isipokuwa mtoto amezidiwa na hospitali wameona hawawezi kusubiri. Kijiti cha kuchovya hutoa jibu la haraka, ila kwa mtoto kama wetu omba na sampuli ipelekwe maabara wakaoteshe vijidudu, waone ni aina gani na dawa ipi inaviua. Anayetumia mpira, chukua kutoka mpira mpya. Mwingine, mvizie akojoe kwenye kikopo safi. Ikishindikana kuna pedi maalumu za kuweka ndani ya nepi, hospitali wanazo. Pamba na pedi za kinamama hazifai. Sampuli isipofika maabara ndani ya saa 4, iwekwe kwenye friji.

Dawa ikishatolewa mpe mpaka imalizike kama ulivyoelekezwa, na kama baada ya siku moja au mbili bado yuko vile vile, rudi. Usisubiri dozi iishe.

Kuna wakati usipoteze muda hata kidogo. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa, mtoto mwenye homa anayetetemeka na kutapika kila kitu, aliyelegea, asiyetoa mkojo, mwenye maumivu ya ubavu: hao ni hospitali saa hiyo hiyo. Na mtoto mwenye mgongo wazi ambaye amewekewa shanti kichwani ya kuondoa maji, akitapika, akiumwa kichwa, akasinzia sana, usijiambie ni UTI ile ile ya siku zote. Inaweza kuwa shanti imeziba, na hiyo haisubiri. Hapa Uingereza ni simu 999 au moja kwa moja chumba cha dharura, na ukifika neno la kwanza litoke "ana shanti". Kwa ushauri usio wa dharura kuna 111.

DAWA ZA KUZUIA NA ZA NYUMBANI

Baadhi ya watoto hupewa antibiotiki kidogo kila usiku kwa miezi kadhaa ili kuzuia. Inasaidia wengine, lakini vijidudu navyo hujifunza, kwa hiyo daktari bingwa anatakiwa kuitazama tena kila baada ya muda. Kama mtoto wako ameinywa mwaka mzima na hakuna aliyekuuliza, uliza wewe.

Juisi ya kranberi wengi wanaisifu. Uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti mwaka 2023 ulionyesha kwamba inaweza kupunguza UTI kwa kinamama wanaozipata mara kwa mara na kwa watoto, lakini kwa watu wazima ambao kibofu chao hakimalizi mkojo haikuonekana kusaidia. Watoto wetu wako karibu zaidi na hilo kundi la pili, basi fedha yako usiimalizie huko. Maji ya shayiri ambayo bibi zetu walitupa, sawa, ni maji. Magadi na dawa za miti shamba kwa mtoto mwenye figo lenye kovu naomba msithubutu, kwa sababu hujui kipimo na figo ndilo litakalobeba mzigo.

Maji ya kawaida ndiyo dawa isiyo na gharama, na ndiyo tunayowanyima. Tunaona tukimnywesha sana ataloa, basi tunampunguzia, hasa shuleni na safarini. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji kama mililita 1,000 hadi 1,400 za vinywaji kwa siku, zikiwa zimegawanywa kutwa, isipokuwa daktari wa figo amesema vingine. Soda na chai nzito huchokoza kibofu. Usafi nao ni ule ule tuliofundishwa: kumchambisha kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, nepi ibadilishwe mapema. Watoto wa kiume waliotahiriwa hupata UTI kidogo zaidi, ila kama tundu la mkojo halipo mahali pake, msimtahiri kabla ya daktari wa upasuaji kumwona, kwa maana ngozi hiyo ataihitaji kwa matengenezo.

MKIONGEA NA DAKTARI

Kwa hesabu ya madaktari wa hapa, UTI inayojirudia kwa mtoto ni mara 2 au zaidi kama moja wapo imefika kwenye figo, au mara 3 kama zote ni za chini. Ukifikia hapo una haki ya kuuliza kuhusu ultrasaundi ya figo na kibofu na kupelekwa kwa daktari bingwa wa watoto. Mimi zahanati moja ilinizungusha karibu mwaka, kila mara daktari mpya, kila mara chupa mpya ya dawa. Kilichonisaidia ni daftari. Niliandika tarehe, homa nyuzi ngapi, mkojo ulipimwa au haukupimwa, dawa gani, siku ngapi, amepata choo lini. Nilipoliweka mezani, daktari wa nne alilisoma kimya, akaandika barua ya rufaa pale pale.

Kama Kiingereza kinakusumbua, NHS hutoa mkalimani bure, mwambie mpokezi unapoweka miadi. Usimtumie mtoto wako mkubwa kutafsiri habari za sehemu za siri za mdogo wake, ataficha nusu kwa aibu. Kuna pia taasisi za hisani kama Shine, ya mgongo wazi na kichwa maji, na ERIC, inayoshughulikia haja ndogo na kubwa za watoto, ambazo huzungumza na wazazi bila malipo.

Mwisho, wale mnaokwenda nyumbani likizo. Hesabu mipira mapema: zamu 5 kwa siku 28 ni 140, ongeza robo kwa ajili ya ndege kuchelewa na mingine kudondoka chini. Nusu weka begi la mkononi, nusu begi kubwa, maana begi kubwa likipotea Dar hutaipata kirahisi saizi ya mtoto wako. Beba barua ya daktari inayoeleza mipira na dawa ni za nini. Joto la kule humkausha mtoto bila wewe kujua, kwa hiyo chupa ya maji itembee naye, na mwenye kunywa oksibutinini aepuke jua kali kwani hatoki jasho vizuri. Ndani ya ndege mtoe mkojo kabla ya kupanda na usiogope kumwomba mhudumu akusaidie na choo. Sisi mwaka jana tulipita uwanja wa ndege, afisa akafungua begi, akauliza hivi vyote ni vya nini. Binti yangu akamjibu mwenyewe kwa Kiswahili, "Ni vya kukojolea, shikamoo." Akatupitisha.